Kafuri na Malewa

Mwaka jana, katikati ya muhula wa pili, nilimtemea mwenzangu keki kifuani. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule moja ya Mpumudde, hapa Jinja, na nimepasua vyura, panya na moyo wa ng'ombe bila hata kukunja uso. Siku hiyo mwalimu wetu wa kemia, mama mmoja mcheshi ambaye hana ubaya na mtu, alikuwa anasherehekea siku yake ya kuzaliwa. Akakata keki, akapita ofisi nzima ya walimu akimlisha kila mmoja kwa mkono wake, kama watu wanavyofanya siku hizi. Alikuwa na mafua. Alikuwa amejipaka ile dawa ya kifua ya kopo dogo, kafuri tupu, shingoni na puani, na vidole vyake vilinuka hiyo hiyo. Nilimwambia naomba kisahani. Akacheka, "We naye, fungua mdomo!" Kipande kikagusa ulimi wangu, harufu ikapanda, na kabla sijajua nafanya nini, keki yote ilikuwa kwenye blauzi yake.

Niliomba msamaha mara kumi. Alisema hapana neno, lakini hajanizoea tena kama zamani, na simlaumu. Mtu angenitemea mimi, ningemwita mshenzi.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba wiki ile ile nilikuwa nawafundisha kidato cha tatu habari za ubongo na kumbukumbu. Nilikuwa nimewachorea ubaoni. Hapa ndani, nikawaambia, kuna kinundu chenye ukubwa wa korosho, na kazi yake ni hofu na kinyaa na mambo ya moyo. Jirani yake kuna sehemu nyingine iliyojikunja, na hiyo ndiyo inayoshika nini kilitokea, wapi, lini, nani alikuwepo. Mambo ya macho na masikio hupitia kwanza kituo cha kupangwa foleni. Harufu inaruka foleni, inaingia moja kwa moja hadi kwa hawa majirani wawili. Ndiyo maana ukinusa kitu cha utotoni tumbo linajibu kabla hujakumbuka ni kitu gani. Wanafunzi wakaandika. Mimi nikapangusa ubao nikaenda zangu, kana kwamba habari hizo zinahusu watu wengine.

Kwa maana mimi nilijua harufu ile imetoka wapi. Nilikuwa na hakika kama ninavyojua jina langu.

Nilizaliwa Mbale, upande wa viwanda, ambako upepo ukigeuka unakuletea harufu ya ngozi mbichi mpaka kwenye chai. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, na shuleni watoto walinipigia saluti na kuniita "afande" kwa sababu hiyo, maana wazazi wao lugha hii waliijua kwa wanajeshi tu. Baba alikuwa dereva wa lori. Alivuka Malaba akaenda Kenya, akaoa huko, habari yake ikaishia hapo. Mama aliugua nikiwa na miaka saba, ule ugonjwa wa kukondesha ambao watu waliuita silimu na hawakutaka hata kuutaja. Aliyekuja kukaa nasi ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Na shangazi alikuwa mwosha maiti. Mwanamke wa Kiislamu akifa upande ule, aliitwa yeye.

Sasa sikilizeni nilichokumbuka kwa miaka thelathini na sita. Mama amekufa. Shangazi anatoka chumbani alikomwosha, mikono yake inanuka kafuri, maana maji ya mwisho ya kumwoshea maiti hutiwa kafuri. Hakunawa. Anachukua bakuli la plastiki la kijani lenye malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani, yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga, yanayoteleza mdomoni kama ukanda wa mpira. Ananichotea kwa vidole vile vile. Vinaniingia mdomoni. Ladha ya karanga na moshi, na juu yake kafuri, na chini ya kafuri kitu kingine ambacho sitaki kukitaja hata leo.

Ptu! Hata nikiandika hivi mate yananijaa.

Basi huo ndio msingi nilioujengea maisha. Shangazi alinilea kuanzia hapo mpaka nikaenda chuo. Miaka kumi na moja nilikula chakula chake, nikiwa na kijiko changu mwenyewe nilichokificha chini ya godoro, na sahani yangu niliisuuza kabla hajapakua. Akinishika kichwa kunisuka nilibana pumzi. Nilipopata kazi Jinja nilihamia bila kuangalia nyuma. Nilikwenda Mbale siku za Idi tu, nikampa zawadi, nikamwamkia "Shikamoo, Shangazi" huku mikono nimeikunja kifuani asije akaishika. Binti yangu alipokuwa mdogo nilimkataza kula chochote kutoka mkononi kwa bibi. Alipouliza kwa nini, nilimwambia, "Bibi hanawi." Nilimwambia mtoto hivyo!

Mwezi wa tatu mwaka huu nikapigiwa simu na jirani yake, mama wa Kigisu anayeuza nyanya mlangoni pake. "Mwalimu, mzee yako ameanguka," alisema. "Mkono moja na mguu moja hapana fanya kazi. Lakini mdomo iko. Anaita wewe tu."

Nilikwenda Jumamosi. Nilimkuta amelala kwenye godoro sakafuni, maana kitandani alikuwa anaanguka, nusu ya uso imeshuka kama nguo iliyotundikwa vibaya. Chumba kilinuka mkojo. Jirani alikuwa anamsaidia, lakini jirani naye ana biashara yake. Nikasimama mlangoni na leso puani, mimi mwalimu wa biolojia, na yule mzee akaniona.

"Ingia," alisema, maneno yakitoka upande mmoja wa mdomo. "Mkojo haung'ati."

Nilimbadilisha nguo nikiwa nimevaa glavu mbili mbili nilizochukua maabara. Alizitazama glavu zangu. Nilipomaliza alisema alichoniitia.

"Nimeosha watu wa mji huu mpaka nimechoka kuhesabu. Mimi ataniosha nani? Watoto sina. Nataka wewe."

Nilimwambia nina kazi, nina mitihani ya kusahihisha, Jinja ni mbali, wapo akina mama wa msikitini wanaojua zaidi. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. "Nimekuuliza habari ya Jinja?" alisema. "Nimekuuliza, utaniosha au hutaniosha?"

Hapo hasira ikanipanda. Sikuwa nimewahi kulisema neno lile kwa sauti, hata kwa mume niliyeachana naye. Nilimwambia, "Shangazi, mimi siwezi. Wewe ulitoka kumwosha mama yangu ukanilisha malewa kwa mikono ile ile. Nilikuwa na miaka saba. Mpaka leo siwezi kulishwa na mtu. Mwenzangu nimemtemea keki kazini. Unataka nikuguse?"

Nilitegemea akatae, au alie. Alinitazama kwa lile jicho lake zima, kisha akaanza kucheka, kicheko kibaya cha nusu mdomo, mate yanamtoka.

"Malewa?" alisema. "Siku ya msiba? Nani alipika malewa siku ya msiba?"

"Sijui nani. Nilikula."

"We mtoto umesoma mpaka umepotea. Nyumba yetu ikifiwa inawasha moto?"

Kwetu nyumba ya maiti haipiki. Siku tatu jiko linalala, majirani ndio wanaoleta chakula. Nimeyajua hayo tangu nipate akili, nimebeba masufuria ya watu mwenyewe. Na malewa si chai. Yanalowekwa, yanachemshwa, maji yanamwagwa, yanachemshwa tena, ndipo zinakuja karanga. Miaka thelathini na sita nilikuwa nayakumbuka yakitoka kwenye jiko lililolala, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza.

"Basi majirani walileta," nilisema.

"Majirani?" Alicheka tena. "Majirani walileta wali na maharage, wakaweka nje ya mlango, wakakimbia. Nani aliingia nyumba ile? Hata wa kunishikia birika nilikosa. Nilimgeuza peke yangu." Alipumua kidogo. "Nikuulize. Huo mkono uliokulisha ulitoka juu au ulitoka chini?"

"Vipi juu au chini?"

"Aliyekulisha alikuwa amesimama, amekaa, au amelala?"

Nikafunga macho nikaiita picha, kama nilivyoiita mara elfu. Bakuli la kijani hilo hapo. Vidole hivyo hapo, vyembamba, vinatetemeka. Na mkono ulikuwa unapanda. Unatoka chini, usawa wa mkeka, unapanda kuelekea mdomoni kwangu, na mimi nimesimama naangalia chini. Kila mara nilipokumbuka ulikuwa unapanda. Shangazi wakati ule alikuwa mwanamke mrefu, mnene, mikono kama mchi. Angenilishaje kutoka chini?

Nikafungua macho.

"Mama yako alikuwa hai," shangazi alisema. "Siku ile alipata nafuu kidogo, akatamani malewa, nikampikia. Ngozi yake ilikuwa inamwasha mpaka anajichuna, nikawa nampaka kafuri na mafuta ya nazi, mwili mzima, mpaka vidole. Akasema, niletee mwanangu nimlishe. Nikakuleta. Akakutia tonge mdomoni." Akatafuta mate. "Ukamtemea. Usoni. Ukasema unanuka."

Nikajifuta mdomo kwa leso.

"Nikakuzaba kofi. Kofi moja zuri sana. Ulianguka. Yeye akanigombeza, akasema mtoto hana kosa, akajipangusa mwenyewe kwa kanga. Siku ya nne akafa. Basi ulivyonichukia tangu hapo, nikasema ni kwa lile kofi. Nikasema sawa, nilimpiga kweli."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza, ningekuambia. Tena mimi ni mwosha maiti. Mwosha maiti hasemi habari za mwili wa mtu. Ningeanzia wapi kukuambia mama yako alikuwa ananuka?"

Nataka niwe mkweli hapa. Sikulia, sikumkumbatia, sikuomba msamaha. Nilichosikia ni kinyaa, kile kile, cha zamani, ila sasa kilikuwa kimegeuka kinaniangalia mimi. Nilitoka nje nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, karibu na nyanya za jirani, nikajichukia kwa kadiri ninavyojua kuchukia, na ninajua sana.

Mwalimu ndani yangu alikuwa anaendelea kusomesha, hana aibu. Alikuwa anasema: angalia jinsi ilivyofanyika. Mshtuko ulipokuja, ubongo wa mtoto ulishika vitu vichache kwa nguvu, kafuri, karanga, mkono, kofi, na pembezoni ukaacha ukungu. Siku chache baadaye ikaja kafuri nyingine, ya maiti, na uso wa shangazi juu yake. Vipande vikaokotwa vikaunganishwa. Halafu kila nilipoikumbuka sikuwa natoa picha kabatini. Nilikuwa naijenga upya kwa vipande, naipaka rangi zaidi, kisha nahifadhi hiyo mpya na kuitupa ya jana. Miaka yote hiyo naipaka rangi. Kilichokuwa wazi zaidi kuliko vyote, ule uhakika wangu, ndicho nilichokitengeneza mwenyewe. Mdomo wangu peke yake haukudanganyika. Ulimtemea mwalimu wa kemia kama ulivyomtemea mama.

Na mwalimu huyo wa ndani yangu akasema pia: huyu mzee amepata kiharusi, na yeye ana ubongo, na yeye anajenga. Huenda kofi lilikuwa siku nyingine. Huenda hakukuwa na kofi. Sawa. Lakini mkono ulitoka chini. Hilo nililiona mimi, kabla hajaniambia kwamba ni mama, na siwezi kulirudisha.

Niliingia ndani nikamwambia, "Nitakuosha."

"Kwa mikono," alisema. "Si kwa hivyo vifuko vyako."

"Kwa mikono."

"Na ukitaka kutapika toka nje. Mimi nikiwa safi usinichafue." Kisha akaomba uji, na akalalamika kwamba hauna sukari.

Alikufa wiki ya pili ya mwezi wa tano, asubuhi. Nilifika adhuhuri. Tulikuwa wawili chumbani, mimi na mama wa msikitini anayesimamia uoshaji siku hizi, mwembamba, mkali, anayezungumza kwa kidole. Alinieleza sheria kabla hatujaanza, kama mtu anayemweleza mtoto. Funika kuanzia kitovu mpaka magoti. Anza upande wa kulia. Bonyeza tumbo taratibu, funga kitambaa mkononi. "Na utakachokiona humu," alisema, "ukitoka unasema kizuri tu. Kibaya unakizika naye."

Kwa hiyo sitasema shangazi alikuwaje. Nitasema mimi nilikuwaje. Nilipomgusa mara ya kwanza vidole vyangu vilijikunja vyenyewe, ikabidi nivinyooshe. Kujua ukweli hakukunisaidia hata kidogo. Nilidhani kichwa kikishaelewa, tumbo nalo litaelewa. Thubutu! Tumbo halikuwepo kwenye mazungumzo yale. Tulipobonyeza nilibana pumzi mpaka nikaona nyota. Tulipofika maji ya mwisho yule mama akasaga kafuri akaimwaga ndani ya ndoo, na mvuke wake ukapanda, nikajua kwamba siwezi. Nilikimbia. Nilifika nyuma ya nyumba nikatapika kila kitu, nimeshika ukuta, mpaka ikabaki nyongo, na jirani wa nyanya akasema, "Banange, jamani, pole, mwalimu."

Nikasukutua mdomo. Nikasimama pale. Njia ya kwenda barabarani ilikuwa wazi mbele yangu, na hakuna ambaye angenilaumu, watu wengi hushindwa. Nikarudi ndani. Yule mama alikuwa amemshikilia shangazi kwa ubavu, ananisubiri.

"Shika bega," alisema.

Nikashika bega. Nikammwagia yale maji, kichwani, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, miguuni, na kinyaa hakikuniacha hata dakika moja, na mikono yangu iliendelea. Tukamkausha, tukamvika sanda.

Niliporudi Jinja binti yangu aliniuliza, "Mama, uliweza?" Nikamwambia niliweza vizuri, alhamdulillahi, bibi alikuwa amelala kama mtu aliyepumzika. Siku ya pili kazini wakaniuliza, nikawaambia uso wake ulikuwa unang'aa. Wiki iliyofuata, kwenye hitma, nilijisikia kwa masikio yangu nikiwaambia wanawake wenzangu kwamba chumba kizima kilikuwa kinanukia, na mimi mwenyewe nilisikia utulivu ambao sijawahi kuusikia. Wakasema mashallah. Nikiwa nasema, nilikuwa nauona utulivu ule. Nilikuwa nauamini. Nyuma ya nyumba palikuwa panafifia tayari, ukuta, nyongo, sauti ya jirani.

Ndiyo maana nimekaa leo kuandika haraka, kabla sijasimulia mara ya nne. Hapakuwa na utulivu. Nilitapika, njia ya barabarani ilikuwa wazi, na nikarudi ndani.